Majani ya Wote

Picha ile niliiona kwenye ukuta wa stesheni ya Shinyanga, nikisubiri treni ya kwenda Mwanza. Ilikuwa kubwa kama mlango, tena ya rangi: majani marefu ya manjano, mgunga mmoja, mbingu safi, na tembo aliyechorwa pembeni kwa mkono wa mtu ambaye naamini hajawahi kuishi jirani na tembo. Chini yake maneno ya Kizungu. Nikamwomba karani wa tiketi anisomee.

"Wanasema njoo upumzike Afrika," akanambia. "Njoo uone nchi ambayo haijaguswa na mtu." Kisha akacheka kidogo, kama mtu aliyezoea upuuzi wa kazini kwake.

Mimi sikucheka. Kwenye kona ya chini ya picha ile palikuwa na kijiti kimechomekwa ardhini, na juu ya kijiti fundo la majani. Fundo lile alilifunga baba yangu. Nilikuwepo akilifunga, ninajua hata alivyoupinda mkia wa fundo kuelekea ndani, maana kila mtu na mkono wake. Haijaguswa na mtu. Sasa fundo lile lilifungwa na nani, nyani?

Nilisimama pale mpaka treni ikaja, na nilivyopanda nilikuwa nimefura kiasi kwamba mama mmoja alinisogezea mtoto wake mbali. Miaka imepita mingi, uhuru umekuja, mimi nimezeeka, na hasira ile ipo palepale. Wajukuu wangu husema bibi, hayo yaliisha. Yaliisha kwa nani?

Basi nikuelezeni ngitili ni kitu gani, maana siku hizi kuna vijana wa Kisukuma waliozaliwa Kahama mjini ambao hawajui. Mvua zikianza, wazee wa majirani hukaa wakakubaliana: kutoka kichuguu hiki hadi kijito kile, hapaingii ng'ombe. Hapo pameshafungwa, hiyo ndiyo ngitili. Mwenye ng'ombe mia na mwenye mbuzi mmoja, wote marufuku. Mipakani hufungwa mafundo ya majani juu ya vijiti ili mtu asije akasema hakujua. Majani yanaota, yanafika kiunoni, yanakauka yakiwa yamesimama, na ng'ombe wako wanayanusa kwa mbali wanalia, na wewe unawachapa warudi nyuma. Halafu mtama umevunwa, mabua yameliwa, huko nje limebaki vumbi. Ndipo wazee wanasema leo, na ng'ombe wa kila mtu wanaingia siku moja. Hayo ndiyo majani ya kuwafikisha kwenye mvua. Kwetu, upande ule wa Maganzo, ng'ombe asiye na ngitili haoni Novemba.

Mlinzi wa ngitili yetu alikuwa baba. Hakulipwa chochote, na hakuna aliyewahi kudhani alipwe.

Mwaka ule ninaousema, wa katikati ya miaka ya hamsini, nilikuwa nimerudi kwa wazazi kujifungua mtoto wangu wa kwanza, kama ilivyo desturi. Nilijifungua salama, mtoto wa kike. Lakini matiti yalivimba yakatunga usaha, na yalipopoa hayakuwa na kitu. Mtoto akawa anakunywa maziwa ya ng'ombe mmoja wa madoa aliyekuwa amezaa karibuni. Mama alimkamua asubuhi na jioni, akachemsha, akamnywesha kwa kijiko. Binti yangu alikuja kupona, na sasa yeye mwenyewe ni bibi, kwa hiyo sisemi haya kutafuta machozi ya mtu. Nasema ili mjue kwamba majani yale kwangu hayakuwa mandhari. Yalikuwa maziwa.

Mzungu alikuja majani yakiwa ndiyo kwanza yanageuka rangi. Alikuwa na lori na gari dogo lisilo na paa. Tulidhani anatafuta almasi, maana kwetu kila mzungu aliyeinama alikuwa anatafuta almasi. Huyu hakuinama. Alisimama juu ya kiti cha gari akatazama ngitili kwa darubini, muda mrefu, akitabasamu peke yake. Kisha akamwita baba kwa kidole. Mimi nilikuwa natoka kuteka maji, nikasimama na mtungi wangu kichwani, nikasikia kila neno.

"Wewe mzee. Hii majani ya nani?"

Baba alikuwa amechimba dhahabu Geita miaka ya vita, na Kiswahili chake alikiokota huko, kwenye mashimo. Kilikuwa Kiswahili cha kuamrishwa; kujieleza hakikumfundisha. Kwa hiyo alichukua jibu la Kisukuma, ya bhose, akalivalisha nguo ya Kiswahili.

"Ya wote, bwana."

"Wote nani?"

"Wote."

"Kila mtu?"

"Ndiyo. Kila mtu."

"Mzuri," akasema yule bwana. "Mzuri sana." Akampa baba sigara moja, akaondoka.

Nimelirudia neno lile kichwani maisha yangu yote, na bado sioni kosa. Kwetu kitu cha wote ndicho chenye mwenyewe kuliko vitu vyote. Cha kwangu naweza kukugawia nikipenda, au nikilewa. Cha wote nitakugawiaje? Nitaanzia mlango wa nani kuomba ruhusa? Kina macho ya mji mzima juu yake. Lakini yule bwana alitoka mahali ambapo kitu kisipokuwa na jina la mtu mmoja kimetupwa, anaokota anayewahi. Alisikia "ya kila mtu" akaelewa "haina mtu". Kwa neno lilelile walikuwa wanazungumza mambo mawili, na mmoja wao alikuwa na lori.

Hazikupita siku nyingi akarudi na mahema. Mahema meupe, viti vya kukunja, mpishi wa kutoka Nairobi aliyetutazama kama mavi ya mbuzi. Wakafyeka barabara katikati ya ngitili na kupiga kambi kando ya kijito. Kazi yake, tulikuja kuelewa, ilikuwa kuwaita watu wenye fedha waje kupumzika kwetu na kutazama wanyama. Wapumzike kutoka wapi, sikujua. Mimi nilidhani mtu hupumzika kwake.

Na wanyama gani? Palikuwa na swala, mbuni kadhaa, fisi wa kawaida, na ngiri. Watu husema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Hapa nyasi ziliumia bila tembo hata mmoja.

Siku ya kupiga picha za kuitia wageni, alikuja na mpiga picha mwembamba, mwekundu kwa jua. Ng'ombe wa jirani walikuwa wakipita nje ya mpaka, hawajagusa jani, na yule bwana akaja mbio akipunga kofia.

"Toa ngombe. Toa, toa. Mgeni yangu hapana kuja kuona ngombe. Ngombe iko Ulaya."

Wakafukuzwa. Walikuwepo pia vijana wetu watatu waliokuwa wamerudi likizo kutoka mgodini, kaptura safi, kofia, mmoja ana viatu vya ngozi alivyokuwa akiviringia kuliko mchumba. Akawaambia nao watoke kwenye picha, au wavue hizo nguo wavae ngozi. Yule wa viatu akamjibu kwa Kisukuma maneno ambayo siyaandiki hapa. Sisi wanawake akatufundisha kusema "jambo" na kupunga mkono. Kwetu asubuhi watu huamkiana mwangaluka, na kwa wakubwa tunapiga goti. Hakutaka mwangaluka. Alisema wageni wake wanajua jambo tu.

Mpiga picha alilala kifudifudi karibu kabisa na kijiti cha baba. Nadhani aliliona lile fundo akafikiri ni kiota.

Wazee hawakukaa kimya, mtu asije akasema tulikaa kimya. Walikwenda kwenye baraza la mtemi. Baba naye alikwenda, na alirudi amenyauka. Walioandamana naye ndio waliotusimulia. Karani wa baraza, mtoto wetu kabisa, aliyesomeshwa kwa pamba ya baba zetu, alisikiliza kisha akauliza:

"Huyu bwana alipouliza majani ni ya nani, mlimwambia ya nani?"

"Ya wote," baba akasema.

"Kwani mzungu si mtu?"

Baraza likacheka. Nikimkumbuka karani yule bado natamani kumpiga kofi. Kwa mambo mengi alikuwa mjinga, lakini neno lile alilijua maana yake sawasawa, alinyonya nalo, na akaliuza kwa sababu ya kicheko kimoja na kwa sababu yule bwana alikuwa ameshapata karatasi kutoka bomani.

Majirani walipotoka huko walihitaji mtu wa kumtupia lawama, na mzungu hatupiwi. Wakamtupia baba. Mzee mmoja, jirani yetu mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, ndiye aliyekuwa kinara wa wazee, na ndiye aliyetamka: mlinzi ameigawa ngitili kwa mdomo wake, nyumba yake inyimwe moto.

Kunyimwa moto si kukosa kiberiti. Kwetu asubuhi moto wako ukizima unamtuma mtu na kigae cha chungu kwa jirani, anapewa kaa la moto, na kwa kaa lile mnaulizana habari, mnajua nani anaumwa, nani hana chumvi. Ukinyimwa moto umenyimwa vyote. Hakuna anayekusalimu, hakuna anayekuja kukulimia, ukifiwa unachimba mwenyewe. Mama alinunua kiberiti kwenye duka la Maganzo, akawasha, jiko likawaka vizuri tu. Alilitazama akasema moto wa dukani hauna jirani. Nilikuwa na hasira na mzungu, lakini nakiri nilikuwa na hasira zaidi na wale majirani. Yeye hakutujua. Wao walitujua. Walikula harusi yangu.

Baba hakujitetea. Lilimkaa neno moja tu: siku ya kufungua ngitili. Alisema siku ikifika majani yakiwa yamesimama, ng'ombe wa watu wakiingia, basi itaonekana hajagawa kitu, na moto utarudi. Kila asubuhi alizunguka mpaka wote akikaza mafundo, akipita kando ya mahema, na wageni wakimpiga picha. Jirani mmoja mwenye kejeli alipomwambia mgeni njoo, mwenyeji apone, hakugeuka.

Mabua yakaisha. Vumbi likaja. Ng'ombe wa madoa akaanza kutoa maziwa ya kujaza kikombe, kisha nusu kikombe, na mama akaanza kuyaongezea maji akidhani simuoni. Mtoto akawa anaamka kulia na analala akilia. Baba akavaa kanzu yake, akaenda kwa yule bwana kumwambia siku imefika. Nilimfuata na mtoto mgongoni, kwa sababu nilitaka yule bwana aone tumbo ambalo majani yale yanalijaza.

Alikuwa anakunywa chai. Alimsikiliza baba mpaka mwisho, hilo nampa.

"Ngoja wageni kuondoka," akasema. "Wageni wakiona ngombe, watasema hii si Afrika. Ngoja mwezi ingine."

"Bwana, mwezi mwingine hawatakuwepo."

"Ngombe?"

"Ndiyo."

"Pole," akasema, na kweli alionekana kusikitika. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba alisikitika, kisha akachovya biskuti yake kwenye chai.

Baba alirudi akangoja. Alikuwa mtu wa kungoja, mgodi ulimfundisha, na mimi nilimchukia kidogo kwa hilo. Nilimwambia tuwaingize ng'ombe usoni mwao, watufanye nini. Akasema ukiingia peke yako kabla wenzako hawajaruhusu, wewe na mzungu mna tofauti gani? Yeye aliyenyimwa moto ndiye peke yake aliyekuwa bado anaitii sheria ya waliomnyima.

Kumbe wageni walikuwa wanalalamika. Walisafiri kote kule na hawaoni kitu, majani marefu mno, wanyama wamejificha humo. Yule bwana akatafuta dawa. Huko alikotoka, tukaja kuambiwa, pori likichomwa hutokea majani mabichi na wanyama hujileta wenyewe, na wageni wanakaa kwenye viti wakihesabu swala.

Akaichoma ngitili.

Aliichoma mchana, upepo ukiwa unavuma kutoka kijitoni, ili mahema yake yasidhurike. Tuliona moshi, kisha tukasikia ule mlio, maana majani makavu ya kiunoni hayawaki kimyakimya. Yakapigwa mayowe, na mji mzima ukakimbia na matawi mabichi. Na sisi tulikimbia. Hakuna aliyekumbuka nani amenyimwa nini. Nilipiga moto bega kwa bega na mke wa yule mzee kinara, mwanamke ambaye siku zile zote alikuwa akinipita njiani kama kichuguu, na nywele zetu zikaungua pamoja. Tulipiga mpaka matawi yakawa vijiti. Jua likishuka, palikuwa peusi kutoka kichuguu hadi kijito.

Yule bwana alikuja na gari lake kututuliza. Alisema tusiogope, mvua ikinyesha majani yatarudi.

Mzee kinara akamwendea, masizi hadi kwenye kope. "Ruhusa ya kuchoma ulipewa na nani?"

"Ruhusa?" Alishangaa kweli. "Ruhusa ya nani? Hii si ya mtu."

Watu walisikia. Si ya mtu. Mzee kinara akageuka taratibu kumtazama baba, na baba, ambaye hakuwa amejitetea mbele ya majirani tangu siku ya baraza, akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida, "Mimi sikusema hivyo. Nilisema ya wote."

"Ya bhose," mzee akasema.

"Ya bhose."

Mzee akatazama chini. Hakuna mtu aliyehitaji kuelezwa zaidi. Hata watoto wadogo walielewa. Na ilikuwa haina faida tena.

Yaliyofuata yanajulikana na kila nyumba ya upande ule. Waliokuwa na nguvu za kuswaga ng'ombe waliwapeleka magharibi, kuelekea Geita na mapori ya Runzewe, na huko mbung'o wakawamaliza wengi. Baba naye alikwenda nao, akarudi na fimbo tu. Yule bwana hakurudi mwaka uliofuata; kumbe swala nao hawakupenda majivu, na wageni walipenda mahali pengine penye tembo. Mahema yakang'olewa. Ikabaki ile barabara isiyoelekea popote, na ile picha, iliyokwenda kutundikwa ukutani kuwaita watu waje kuona majani ambayo siku ile hayakuwepo tena duniani.

Lakini ninapoanza kuwaka sikumbuki ng'ombe, wala picha. Nakumbuka asubuhi iliyofuata moto ule. Ng'ombe wa madoa alikuwa amelala ubavu na mama alikuwa ametoka kumkamua, chombo kikavu. Tukasikia hodi. Alikuwa mke wa mzee kinara, kitambaa kichwani kufunika nywele zilizoungua, na mikononi ameshika kigae cha chungu kinachofuka. Mumewe alikuwa amesimama nyuma yake, mbali kidogo, kofia mkononi. Walikuja kuturudishia moto.

"Dada," akamwambia mama, "nimeleta moto."

Mama alikitazama kile kigae. Uso wake bado ulikuwa na masizi.

"Moto tumeshauona," akasema. "Ungeniletea majani."

Yule mama alisimama pale mlangoni na kigae chake mpaka kaa likazima, na ndani mtoto wangu alikuwa analia.